Anarukia watu, anang'ata, anakula mavi: mtoto wa mbwa kwenye nyumba yenye majirani

Mtu akichukua mtoto wa mbwa, ushauri wa kwanza anaopewa mtaani ni fimbo. Akikojoa ndani msugue pua kwenye mkojo wake, aking'ata mpige mdomoni, akirukia watu mfungie bandani mpaka akue, na wapo wanaokwambia umlishe pilipili ili awe mkali. Mi nakaa Tabata, nyumba ya kupanga, familia kadhaa uwanja mmoja, na tuna kijibwa kidume tunamwita Chui, jina walilompa watoto kwasababu ya ile michirizi yake, na nataka niseme wazi kabisa kwamba hizo njia zote sizitumii na sitaki mtu azitumie kwa mbwa wangu. Nimekulia kwenye nyumba zenye mbwa, najua mbwa aliyepigwa utotoni anavyokuwa akishakomaa. Anaogopa mkono. Na mbwa anayeogopa mkono, siku mtoto wa jirani akinyoosha wake ili amshike kichwa, yeye anang'ata kwanza.

Karibu kila tabia inayotukera kwa mtoto wa mbwa ina sababu yake, ama iko mwilini mwake ama kajifunza kwa mama yake, na ukishaijua sababu unajua pa kubana. Hilo ndo naliamini na ndo nimekuja kuliandika.

Nianze na ile iliyokuwa nzito kuliko zote kwetu, kurukia watu na kuwalamba.

Chumba cha pili kutoka kwetu anakaa bibi mmoja mtu mzima, mtu wa swala tano, ndo mkongwe wa uwanja wetu na watoto wote wanamheshimu. Chui alivyofika tu nikaona sio vizuri bibi aje kukutana naye koridoni bila kuambiwa, nikaenda kumpigia hodi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu. Nasikia mmeleta mlinzi."

"Ndio bibi, bado mdogo sana. Nimekuja kukuuliza wewe unaonaje."

"Mbwa wa kulinda nyumba mimi sina neno naye, wala sikwambii umtoe. Ila mate yake mwanangu. Hayo uniepushe nayo."

Akanieleza kwa utulivu kabisa, na mi mkristo nilikuwa najua juu juu tu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndo Waislamu wengi wa pwani yetu wanayafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, kitu kikipata mate hayo kinaoshwa mara 7 na moja kati ya hizo iwe kwa maji yaliyochanganywa udongo. Mbwa mkavu akipita karibu yako na wewe mkavu haina shida, shida ni ule unyevu. Sasa fikiria bibi kashatawadha, kavaa kanga yake safi anaelekea kuswali adhuhuri, alafu kijibwa kinamrukia na kumlamba mkono. Sisi tunaona mchezo, yeye anaanza upya kila kitu, na miguu yenyewe inamuuma. Kwahiyo nikajua kabisa hii tabia siwezi kuisubiria mpaka mbwa akue, lazima iishe angali mdogo, tena iishe bila mbwa kuanza kumuogopa bibi wala bibi kumuogopa mbwa.

Mbwa anarukia kwasababu anautafuta mdomo wako. Mbwa mwitu na jamii zao wakirudi mawindoni, watoto wanawalamba wakubwa midomoni ili watapishiwe chakula, na huyu wetu wa uani hajaisahau hiyo kitu mpaka leo. Kwahiyo anavyokurukia anakusalimia na kukuomba, kwa namna pekee anayoijua. Ukimsukuma kwa mikono umemjibu. Ukimpigia kelele "toka!" umemjibu pia, tena kwa sauti, na mtoto wa mbwa kuguswa na kuongeleshwa ndo chakula chake cha pili, kwahiyo kesho anaruka zaidi.

Tulichofanya ni kumnyima jibu. Akiruka unageuka mgongo, mikono unaikunja kifuani, humwangalii, huongei. Miguu yake yote minne ikigusa chini, hapo hapo unainama wewe unampa kipande cha dagaa na kumsifia. Hapo hapo namaanisha sekunde moja au mbili, ukichelewa ukaenda kwanza jikoni kutafuta dagaa yeye ameshasahau anasifiwa nini, kwahiyo dagaa wanakaa mfukoni. Dagaa wasio na chumvi, nimewaosha nikawakausha, mmoja unamvunja vipande vitatu maana shibe sio lengo. Baada ya hapo tukaongeza "kaa". Mbwa aliyekaa chini hawezi kuruka, na akishazoea kwamba kukaa kunalipa anaanza kukaa mwenyewe bila kuambiwa. Binti yangu ndo mwalimu mzuri kuliko wote humu ndani, anafunga ngumi yenye dagaa, anaishusha mpaka usawa wa pua ya Chui alafu anaipandisha taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, na yule anavyofuata ngumi kwa pua makalio yanashuka yenyewe mpaka chini, mkia unafagia vumbi huku na huku.

Kazi ngumu ilikuwa watu, mbwa mbona alielewa haraka. Anayekuja kuuza mboga anampenda, anamwacha amrukie. Shemeji akija Jumapili ndo kabisa, anamnyanyua juu na kumpa uso alambwe. Mtoto wa mbwa akiruka kwa watu watano na mmoja akamjibu, ataendelea kuruka kwa wote watano kwasababu hajui ni yupi wa leo, kwahiyo nikakaa na kila mtu uwanjani nikamwelewesha, na shemeji nilimwambia mbele ya mume wangu kwamba akitaka kucheza na Chui akae chini kwenye ngazi, mbwa akitulia ndo amshike. Akanielewa. Bibi tukampangia utaratibu wake tofauti, saa za swala Chui anakuwa kwenye kamba ndefu chini ya mwembe na mimi au mtoto tupo naye, bibi akipita Chui anapewa dagaa kwa kukaa. Yaani sasa hivi akisikia mlango wa bibi unafunguliwa anakaa mwenyewe na kutuangalia sisi. Bibi hamgusi na wala haitaji kumgusa, ila anamsemesha kwa mbali, "umeamkaje mlinzi", na kwangu mi hilo ni jambo kubwa sana.

Hapo nigusie kitu wengi hawakijui. Kuanzia wiki ya 3 mpaka kama wiki ya 12 hadi 14 mtoto wa mbwa ubongo wake uko wazi kupokea vitu vipya, alichokutana nacho kwa amani kipindi hicho anakichukulia ni cha kawaida maisha yake yote, ambacho hakukutana nacho anaweza kuja kukiogopa au kukishambulia. Na sisi kipindi hicho hicho ndo tunamfungia bandani asizoee watu, eti awe mlinzi mzuri! Anakuja kuwa mbwa ambaye hajui kutofautisha mwizi na mwanafunzi aliyevaa begi. Chui kabla hajamaliza chanjo hatukumshusha chini barabarani kwasababu ya parvo, ile inayowaharisha damu na kuwaua wadogo, virusi vyake vinakaa kwenye udongo muda mrefu sana, lakini tulimbeba mikononi tukamwonesha dunia. Bodaboda, mwavuli, baibui, kanzu, mtu mwenye magongo, spika ya msikitini, watoto wanatoka shule. Unasimama naye kwa mbali, anaangalia, anapewa dagaa, mnarudi. Kulinda atalinda tu, akishakomaa mbwa anayejua mambo ya kawaida ya nyumbani ndo anayestuka kisipokuwa cha kawaida.

Kung'ata. Hii inawakimbiza watu wengi na ndo inayofanya vijibwa vingi virudishwe au vitupwe dampo. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, membamba yenye ncha, na kuanzia kama miezi 3 na nusu hivi yanaanza kutoka kupisha ya ukubwani ambayo ni 42, zoezi linaisha kwenye mwezi wa 6 au 7. Muda wote huo fizi zinamuwasha. Alafu kuna la pili, kupima nguvu ya mdomo mtoto wa mbwa anafundishwa na ndugu zake, aking'ata sana mwenzake analia na kuacha mchezo, anajifunza kwamba nikizidisha mchezo unaisha. Ndo maana inasemwa asitolewe kwa mama kabla ya wiki 8. Sasa sisi unawakuta barabarani wanauzwa kwenye boksi, wengine hata kunyonya hawajaacha, anafika kwako hajasoma hilo somo na wewe ndo unageuka ndugu yake.

Kwahiyo unafanya anachofanya ndugu. Aking'ata kwa nguvu mkono unaugandisha, huuvuti, maana ukiuvuta unakimbia na kinachokimbia kinafukuzwa. Mchezo unaisha, unainuka unaondoka, dakika moja hivi unarudi. Na unampa cha kung'ata. Sisi tunachukua kipande cha taulo kuukuu, tunakilowesha maji, tunakipiga fundo na kukiweka friza, akipewa kile kinampoza fizi na anatulia nacho pembeni. Karoti nzima ya baridi nayo inafaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana kabisa, inapasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo, hata kama babu yako alikuwa anawapa mbwa wake na hawakufa.

Watoto wangu walikuwa wanalalamika kwamba jioni ndo anang'ata zaidi, na kweli, ukiangalia vizuri ni kwamba kijibwa kilikuwa kimechoka. Mtoto wa mbwa anahitaji kulala masaa 18 mpaka 20 kwa siku, na kwenye nyumba yenye watoto walio likizo nani atamwacha alale, kila mtu anataka zamu yake. Tukaweka sheria kwamba Chui akiwa kwenye boksi lake haguswi na mtu yeyote, na boksi likasogezwa nyuma ya mlango pasipo na mapito. Kung'ata kwa jioni kukapungua sana, bila kelele wala kofi.

Ila ngozi ikichanika hata kidogo, hapo hakuna cha "ni katoto tu". Kichaa cha mbwa hakichagui umri wa mbwa, na kwa binadamu dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kidonda kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 za kweli, alafu mtu anaenda hospitali siku hiyo hiyo aambiwe kama anahitaji sindano. Mbwa mwenyewe anachanjwa akifika miezi 3. Shirika la Afya Duniani linasema eneo likichanja asilimia 70 ya mbwa wake ugonjwa unakosa pa kupita, na mi huwa nawaza sana hiyo namba nikiangalia mtaa wetu, mbwa wangapi wana kadi. Muulize jirani yako kwa upole. Tukiwa kadhaa bwana mifugo anaweza kuja kuchanja mbwa wote kwa safari moja, na gharama ya kumleta tunagawana.

Mkojo ndani sio jambo la kuandika sana kwasababu ni suala la ratiba tu. Anakojoa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, basi nyakati hizo mtoe nje wewe mwenyewe kabla hajaamua, mpeleke pale pale kila siku, akikojoa msifie pale pale. Kumsugua pua hakumfundishi kuzuia mkojo, kunamfundisha kwamba kukojoa ukiwepo ni hatari, matokeo yake anaenda kukojoa nyuma ya kochi usipomwona. Kapeti tumeikunja mpaka aelewe. Na kitu kimoja tafadhali, usimwagie Jik juu ya mkojo. Mkojo una amonia, ikichanganyika na klorini inatoa hewa yenye sumu, na kwenye vyumba vyetu hivi vya dirisha moja hewa hiyo anaivuta anayepiga deki. Futa kwanza mkojo wote, osha kwa maji na sabuni, malizia na siki iliyozimuliwa, harufu ikiisha na yeye hana sababu ya kurudi hapo.

Sasa hii ya kula mavi ndo inayowatia watu kinyaa mpaka wanashindwa kuiongelea, nami nitaiongea. Ni ya kawaida. Mama mbwa mwenyewe anakula kinyesi cha watoto wake wachanga ili kuweka makazi safi, na watoto wanaonja kila kitu kwa mdomo. Wengi wanaacha wenyewe wakikua, kama hatujawafundisha kwamba ni mali. Maana kinachotokea ni hivi, anainusa, wewe unapiga ukelele na kumkimbilia, yeye anaona mwenye nyumba anaitaka hii kitu, anaimeza haraka usimnyang'anye. Mwite kwa sauti ya furaha, mpe dagaa, akija kwako ndo nenda kazoe. Kikubwa zaidi usiiache. Koleo na ndoo ya majivu vinakaa pembeni mwa mwembe, akimaliza tu inazolewa na kufukiwa mbali.

Na hapo mi nakuwa mkali kidogo, kwasababu uwanja huo huo wanachezea watoto wanaotambaa. Watoto wa mbwa karibu wote wanazaliwa na minyoo au wanaipata kwenye maziwa, inawapita kutoka kwa mama, utaona tumbo limevimba kama ngoma na mbavu zinaonekana. Mayai ya hiyo minyoo yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi papo hapo, yanahitaji kama wiki 2 au zaidi udongoni kukomaa, kwahiyo anayezoa kila siku anaikata njia yote. Asiyezoa, mtoto anashika udongo, anatia kidole mdomoni, na viluwiluwi vya minyoo vinaweza kusafiri mwilini mpaka kwenye ini au kwenye jicho. Dawa ya minyoo mtoto wa mbwa anaanza akiwa na wiki 2, anarudia kila wiki 2 mpaka afikishe miezi 3, alafu kila mwezi mpaka miezi 6, kipimo kwa uzito, kwahiyo apimwe kwanza. Sio ghali, duka la dawa za mifugo wanayo.

Viatu. Sisi tunavua viatu mlangoni, mgeni akitoka anakuta ndala moja. Hakuna somo lolote utakalompa mtoto wa mbwa likamshinda harufu ya kiatu cha ngozi kilichovaliwa siku nzima, kwahiyo tumeweka shelfu ya mbao juu ya usawa wake na kila anayeingia anaambiwa aweke pale. Usimpe kiatu kibovu achezee, yeye hajui kibovu na kipya, kwake kiatu ni kiatu. Waya za chaja ziwe juu, na sumu ya panya isitumike kabisa kwenye nyumba yenye kijibwa, hata ukiificha nyuma ya gunia, panya anaweza kuihamisha na kuiacha katikati ya uwanja.

Kulia usiku kuliisha boksi lilipokuja karibu na kitanda chetu, akaisikia pumzi ya mtu akalala, kisha tukalisogeza kidogo kidogo mpaka mlangoni. Wapo watakaosema namdekeza. Ametolewa kwa mama yake juzi, kalala na ndugu zake mwili kwa mwili tangu azaliwe, alie asilie?

La mwisho, kuna vitu vinafanana na tabia mbaya na sio tabia. Mbwa aliyekuwa anatoka vizuri nje akaanza ghafla kukojoa kojoa ndani vitone vitone, huyo mpeleke akapimwe njia ya mkojo. Anayekula udongo, mavi na makaratasi wakati huo huo anakonda ilhali anakula, mpeleke. Anayeng'ata akiguswa sehemu moja tu, sikio au nyonga, anasikia maumivu hapo, mpeleke. Na aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mzito na mnyonge, mate yanamtoka na kumeza hawezi, huyo usimguse, usimruhusu mtoto amsogelee hata kumpa maji, funga geti na umpigie simu daktari wa mifugo muda huo huo. Kadi ya chanjo iwe sehemu mnayoijua wote nyumbani, yetu iko kwenye droo ya juu pamoja na vyeti vya kliniki vya watoto.